Familia au Abiria

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na kama ungeniuliza wakati ule mbinguni kuna nini, ningekujibu jua, mwezi, nyota na mvua, na mwalimu angenipa vema. Kwa hiyo ukisikia kwamba uzeeni nimepiga kura juu ya galaksi, usishangae peke yako. Hata mimi nashangaa, na ninaowashangaa zaidi ni wale walionikubali.

Nitatega kwanza, maana mimi bila kitendawili hata chai hainishuki. Ninao ndugu zangu: wakikaa karibu ni weupe, wakienda mbali huwa wekundu, na kadiri wanavyozidi kwenda ndivyo wanavyozidi wekundu. Ukishindwa utanipa mji. Jibu liko mbele kidogo, usiruke mistari.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, tangu anaanza kusema tulimwita Kwanini, kwa sababu hilo ndilo neno alilolijua kabla ya maziwa. Watoto wengine huacha. Huyu hakuacha, akasoma mpaka akaanza kusomea shahada ya juu kabisa, ile ya kuitwa daktari bila kumtibu mtu. Anaishi na mimi kwa kuwa nyumba yangu iko hatua chache kutoka chuoni, na kwa kuwa mimi ni mke mwenziwe, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, na wake wenza hawaachani hivi hivi.

Kazi yake ni kutafuta makundi ya galaksi yaliyo mbali sana. Alinieleza mara nyingi, na mara ya tisa nikaelewa. Darubini hukodolea macho kipande kimoja cha mbingu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba ukiunyoosha mkono, wiki baada ya wiki, halafu picha zote hupandishwa moja juu ya nyingine mpaka vile vilivyofifia kabisa vianze kujitokeza. Hapo huonekana galaksi maelfu kwa maelfu, kila moja ina nyota zisizohesabika, na ile iliyo mbali sana huonekana nyekundu, kwa sababu mwanga wake umesafiri mpaka ukavutika, na ukivutika hugeuka rangi. Ndio hao ndugu zangu wa kwenye kitendawili. Kama ulishindwa, mji wangu nitauchukua nikija.

Sasa galaksi nazo zina jamaa zao. Huvutana, zikakaa pamoja kama ukoo. Kompyuta huchagua mahali inapodhani kuna ukoo wa namna hiyo, lakini kompyuta haina akili ya mtu mzima. Ikiona galaksi sita zimesogeleana hupiga yowe, kumbe moja iko karibu, nyingine iko nyuma yake kabisa, zimepangana tu machoni petu. Mimi nikamwambia Kwanini kwamba hilo ni jambo dogo. Watu sita waliosimama kituo cha basi si familia. Familia utaijua kwa sura moja na rangi moja, hata wakinuniana. Akacheka, na tangu siku ile hatukusema kundi la kweli na kundi la uongo. Tukasema familia na abiria.

Utaratibu wao ni kwamba kila picha lazima itazamwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuambiana. Wakisema wote ni familia, picha inaingia kwenye orodha. Wakitofautiana, Profesa wake ndiye hakimu. Mwenzake Kwanini wa kutazama naye alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, na picha mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zinangoja. Ndipo mimi, mdomo wangu huu, nikasema: mnahangaika nini na macho mazuri yamo humu ndani?

Nilikuwa na sababu ya kujisifu. Miaka ishirini na sita nilikuwa mkaguzi wa vitambaa kwenye kiwanda cha nguo. Kitambaa kinapita juu ya meza yenye taa chini yake, wewe umekaa, umeshika chaki, uzi mmoja ukikatika unaweka alama. Kule nako kila jora lilikaguliwa na wawili, meza mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake. Kulikuwa na mwenzangu mmoja mrefu, mcheshi, aliyekuwa akichungulia karatasi yangu anapokwenda kunywa maji. Mimi ndiye niliyemkamata. Siku moja makosa yangu mawili yalitokea pia kwenye karatasi yake, mahali pale pale. Nikampelekea msimamizi karatasi zote mbili, nikamwambia: watu wawili wanaweza kupatia pamoja, lakini kukosea pamoja ni kunakiliana. Yule mwenzangu akahamishiwa chumba cha kufungasha. Mimi nikatembea wiki nzima shingo imenyooka kama jogoo aliyeamsha mji. Mliweke hilo kichwani.

Profesa alikubali kunijaribu. Alisema duniani kuna watu wengi wa kawaida wanaosaidia kutazama picha za mbingu, na wengine wana macho kuliko wasomi. Akatuma picha hamsini za mtihani, nyingine za kweli, nyingine alizozitengeneza mwenyewe, majibu akabaki nayo.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na afadhali niitoe mwenyewe kabla haijanitoa. Macho mazuri niliyokuwa nikijisifia yalikuwa ya miaka kumi na tano nyuma. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilikuwa linalifuata kama kondoo. Nilijua ni mtoto wa jicho. Nilizaa watoto sita nikiwa nimefunga mdomo, lakini huyu wa saba, kusikia kwamba atatolewa kwa kisu, kulinifanya nione kuwa ukungu nao una raha zake. Sikumwambia mtu. Chumvi nilikuwa naionja badala ya kuitazama, na watu njiani nikiwajua kwa mwendo.

Basi siku ya mtihani Kwanini alifunga pazia la sebuleni, lile jekundu, akafunua skrini kubwa aliyoiweka juu ya meza ya kulia chakula, akaketi ubavuni pangu kunishikia kipanya, maana mimi na kipanya hatuelewani. Picha ya kwanza ikaja. Niliona giza lenye vumbi. Ya pili, giza lenye vumbi jingine. Nikataka kusema kweli. Wallahi nilifungua mdomo. Kisha, kwa pembeni, nikamwona mjukuu wangu anasokota ncha ya sikio lake la kushoto.

Sasa yule mtoto nimemlea mimi. Tangu ana miaka miwili, akikitaka kitu husokota sikio hilo. Dukani mbele ya mwanasesere, sikio. Mezani mbele ya kipande kikubwa cha nyama, sikio. Mwenyewe hajui, na mama yake hajui, najua mimi. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye hekima: hii ni familia. Picha iliyofuata hakugusa kitu, akavuta miguu tu chini ya kiti. Nikasema: abiria hawa, basi lao limechelewa.

Nilipata arobaini na sita kati ya hamsini. Profesa akanitumia salamu. Kwanini akanikumbatia, akasema macho yake ameyarithi kwangu. Na mimi nilikaa nimekumbatiwa, nikasema damu si maji.

Jumamosi tano tulifanya kazi hiyo. Yeye picha zote alikwisha kuzipigia kura huko ofisini, na alikuwa mwaminifu mno. Hakuninong'oneza hata mara moja. Alikaa kimya, uso umekauka, akitazama mbele. Maskini ya Mungu, uso aliuzuia. Sikio lilikuwa linaropoka. Mimi nilijiambia sifanyi ubaya, kwa kuwa mtoto huyu anajua kazi yake, na akikubaliana na yeye mwenyewe kuna hasara gani? Hivyo ndivyo mtu mzima anavyojidanganya: hujiuliza swali, akajijibu, akajipongeza.

Hasara ilikuwepo. Kwa miaka mitatu Kwanini na Profesa walikuwa wakiomba nafasi kwenye darubini moja kubwa sana, ile inayoweza kupima kila galaksi iko umbali gani na kumaliza ubishi. Walikuwa wamepewa siku mbili tu. Katika siku mbili zinaingia galaksi za makundi kumi, basi, na orodha ilitakiwa ifike Jumatano saa sita mchana. Ukipeleka abiria, umepoteza saa zako, na nafasi nyingine ingekuja baada ya masomo yake kumalizika. Katika yale kumi, lililofifia kuliko yote aliliita Kitindamimba. Mwanga wake, alisema, uliondoka kule kabla dunia yetu haijakuwapo. Juu ya Kitindamimba alilisokota sikio mpaka likawa jekundu kama galaksi yenyewe.

Jumamosi ya mwisho, tukiwa tumebakiza picha moja tu, simu yake ikalia, akatoka barazani kuongea, akaniachia: Bibi, itazame hii, nakuja. Nikabaki mimi na mbingu.

Nilisogea. Sikuona kitu. Nikasogea zaidi, nikaweka mkono kwenye skrini ili nisiangukie juu yake, nikakodoa. Sikuona kitu. Nikarudi nyuma, nikapangusa macho, nikatazama tena, na sasa nikawaona! Watano, wa duara, wamekaa kwa upinde, wekundu wa kufifia. Sikio lenyewe halikuwapo chumbani, na nimeona kwa macho yangu. Kwanini aliporudi nilimwambia bila kungoja: familia, tena ya watu watano, andika. Akanitazama kidogo, akaandika, akazima, akaifunika skrini kwa kitambaa chake. Usiku ule nililala kama malkia.

Jumanne asubuhi Profesa mwenyewe akaja nyumbani. Ni mtu mpole, mwembamba, anayeongea kama anayehesabu maneno yasije yakaisha. Alikataa chai, kisha akainywa vikombe viwili. Nilimtegea kile kitendawili cha ndugu wekundu na yeye, pamoja na usomi wake, akajibu ni pilipili. Nikamdai mji. Akanipa galaksi nzima. Nikamwambia mji mmoja unatosha, hiyo galaksi nani ataifagia?

Kisha akasema kilichomleta. Alikuwa amepitia kura zetu. Mimi na Kwanini tulikuwa tumekubaliana mara mia tatu na kumi na moja, jambo ambalo hajaliona maishani mwake. Hata katika mtihani, picha nne nilizokosa ndizo hizo hizo nne alizokosa mjukuu wangu siku za nyuma. Alisema hayo kwa kunisifu, kwamba macho yetu ni kama ya mtu mmoja. Nilimwona yule mwenzangu mrefu wa kiwandani amesimama nyuma ya kiti cha Profesa, amekunja mikono, anatabasamu.

Tulikuwa tumetofautiana mara moja tu, akaendelea, kwenye ile picha ya mwisho. Yeye ameitazama haoni kitu, Kwanini haoni kitu. Lakini mtu asiyekosea namna hii akisema kaona, basi pengine kipo kitu kilichofifia kupita kiasi, na huenda ndicho cha mbali kuliko vyote. Anafikiria kukiingiza kwenye orodha. Kumi haiwezi kuwa kumi na moja, kwa hiyo Kitindamimba atoke.

Kwanini alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono ulikuwa sikioni.

Profesa akaniomba nimwonyeshe ni wapi hasa. Tukafunga pazia, tukafunua skrini, picha ikawashwa. Nikanyoosha kidole kwa fahari iliyobaki: hawa hapa. Watano. Kwanini akasogea, akasema naye anawaona, na huko ofisini hawakuwapo. Profesa akabonyeza, ikaja picha nyingine kabisa, ya upande mwingine wa mbingu. Wale watano wakabaki pale pale, wamekaa kwa upinde, hawana habari.

Profesa, kwa adabu kubwa, akaniomba mkono wangu wa kulia. Akausogeza kwenye skrini bila kuigusa. Kidole gumba kikaangukia juu ya galaksi ya kwanza, cha shahada juu ya ile ya pili, na vingine vikafuata, kila kimoja nyumbani kwake. Ni mafuta ya mgando; wekundu niliutia mwenyewe. Mimi hupaka mikono kila asubuhi kwa ajili ya mipasuko. Akatoa leso, akapangusa, na familia yangu ya watu watano ikafutika mbinguni milele.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kwanini alicheka, nami nikacheka, maana asiyejicheka huchekwa peke yake. Profesa akasema si neno, wasomi wakubwa wamewahi kutangaza kipya mbinguni kumbe ni uchafu wa kioo. Tuifute kura hiyo moja, orodha iende kama ilivyo, na Kitindamimba abaki. Akaanza kutafuta kofia yake.

Mlango ulikuwa wazi, wasomaji wangu. Nilikuwa nimepewa njia ya kutokea kwa kosa dogo la kuchekesha, na lile kubwa lingebaki chini ya mkeka. Ila nilimtazama mjukuu wangu anavyoifunika ile skrini, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Siku mbili baada ya miaka mitatu. Na katika makundi yake kumi, hakuna hata moja lililotazamwa na watu wawili. Alikuwa peke yake pamoja na kivuli chake, na kivuli ndio mimi.

"Profesa, kaa," nikasema. "Hizo nyingine pia si zangu."

Nikawaambia yote, ukungu, kisu, na sikio. Kwanini alitoa mkono sikioni kama aliyeungua.

"Tangu mtihani?" akauliza.

"Tangu picha ya kwanza."

"Bibi, mimi nilimwambia kila mtu nimerithi macho yako."

"Umerithi ya babu yako, mke mwenzangu. Yeye ndiye alikuwa anaona. Mimi nilikuwa naona watu tu."

Hakucheka. Alikwenda jikoni, akakaa huko muda nisiotaka kuusema. Profesa alishika kofia, akaigeuza geuza, akasema kwa upole kwamba ingekuwa mbaya zaidi kuyajua haya baada ya Jumatano. Kisha akavua koti. Yeye mwenyewe angetazama, kura ya pili, yote yaliyokuwa na dalili ya kuingia kwenye orodha, na wakitofautiana picha itaachwa, hakuna wa kuamua.

Wakafanya hivyo nyumbani kwangu, tangu saa sita hivi mpaka jioni. Profesa sebuleni aligeukia ukuta, skrini mbele yake; Kwanini nikamkalisha chumba kingine na kompyuta yake ndogo, azitazame upya, na juu ya masikio yote mawili nikamfunga kitambaa changu cha kichwa. Alisema haina haja kwa kuwa yuko nyuma ya mlango. Nikamwambia sikio lile nalijua, linaweza kupenya. Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza. Mimi nilipewa kazi inayolingana na macho yangu: kuchemsha chai na kufunga mdomo. Ya kwanza niliiweza.

Walipolinganisha, mawili kati ya kumi yalianguka. Kitindamimba walimwacha mwisho. Profesa alisema alimtazama kwa nusu saa, na kwamba hana hakika, lakini akilazimishwa kusema atasema familia. Orodha ikaenda na makundi manane.

Wiki mbili baadaye nilitolewa yule mtoto wa saba. Daktari wa macho ni msichana mdogo, anaimba anapofanya kazi. Dakika ishirini tu, na sikuhisi kitu. Nilikuwa nimeogopa miaka mitatu jambo la dakika ishirini. Nilipofunguliwa bandeji niligundua kwamba pazia langu si jekundu tena, limepauka, na kwamba sebule yangu ni chafu, na hakuna aliyeniambia.

Jioni moja kabla ya zile siku mbili za darubini, Kwanini akanikalisha mezani. Orodha ilikwisha kwenda, kura yangu haina kazi, alitaka tu kujua. Akajifunga kile kitambaa masikioni mwenyewe, akageukia dirishani, akamwasha Kitindamimba.

Nilikaa naye muda mrefu. Kwa mara ya kwanza niliona kweli: vitone vidogo, vyekundu, vya kale kuliko ardhi niliyokanyaga. Nikawatazama mmoja mmoja kama nilivyokuwa nikitazama uzi. Nikaona wawili wamejitenga, na mmoja rangi yake si ya wenzake. Roho yangu ilitaka sana kusema anachotaka kusikia. Lakini ukaguzi ni ukaguzi.

"Abiria," nikasema.

Hakuniamkia asubuhi yake. Chai aliiacha ipoe.

Majibu yalichukua mwezi. Alirudi kutoka chuoni anakimbia, viatu mkononi, na hata kabla ya kuvuka kizingiti alikuwa anasema. Kati ya manane, sita ni familia. Na Kitindamimba yumo, ni familia, galaksi kumi na moja zimepimwa, umbali mmoja, rangi zao zikitofautiana kwa sababu nyingine tu, na ndilo kundi la mbali kuliko yote waliyowahi kuyapata. Akanishika mabega, akanitikisa.

"Bibi, umekosea. Mimi na Profesa tumepatia, wewe umekosea."

Nami, mwanamke mzima, mwenye macho mapya na cheti cha darasa la saba, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi, na tarehe. Imebandikwa ukutani mpaka leo, juu ya meza ya chakula, wageni wakiuliza nawasomea: picha moja, kura moja, kosa moja, na nilikosea peke yangu.